Sikukuu za Kina Noa

Editha, mwalimu aliyelichukua darasa langu, aliniomba nimwandikie jinsi michezo ile ya sikukuu inavyokwenda. Alitaka orodha: vifaa, hatua, muda. Nilianza kuandika orodha hiyo nikakwama kwenye kifaa cha kwanza, kwa sababu kila kifaa kina mtu wake, na huwezi kumtaja mmoja ukamwacha mwingine. Kwa hiyo Editha, na nyie wengine mnaofundisha watoto wa miaka minne na mitano hapa Mpanda, mtanivumilia. Habari za vyeo sitaandika. Havikuwa vingi na havikunifundisha kitu. Nitaandika yale yanayonijia ninapokaa nje ya nyumba yangu Ilembo saa mbili asubuhi, saa ambayo masikio yangu bado yanasubiri kengele.

Naitwa Gaudensi. Nimezaliwa Upimbwe, kwa wakulima wa mpunga na mahindi, watu wa kanisani tangu babu. Nilisomea ualimu wa shule ya msingi nikijiona nafundisha hesabu darasa la saba. Kabla sijapata nafasi, Sista Adelina, aliyekuwa mkuu wa chekechea ndogo kule Nsemulwa, aliniomba nimshikie darasa wiki mbili kwa sababu mwalimu wake alikuwa amejifungua. Wiki mbili hizo zimeisha mwaka huu, nilipostaafu.

Wakati ule hapakuwa na mwanaume mwingine Mpanda anayefundisha chekechea, au kama alikuwepo alijificha vizuri. Watoto walishindwa kutamka Gaudensi, wakaniita Mwalimu Gauni. Nilirekebisha kwa miezi mitatu, kisha nikaacha. Kuna wakwe zangu ambao hadi leo wanadhani hilo ndilo jina langu la ubatizo.

Siku ya kwanza niliingia na suruali iliyopigwa pasi na chaki kwenye mfuko wa shati. Watoto arobaini na mmoja. Nikasimama mbele yao nikawasalimia kwa ile sauti tuliyofundishwa chuoni. Mmoja akaanza kulia, na kilio cha chekechea kinasambaa kama moto wa porini mwezi wa nane. Kufika saa tatu nusu ya darasa ilikuwa inalia, watatu wamejikojolea, na mmoja ametoka getini, anaelekea sokoni bila wasiwasi wowote. Sista Adelina akaja akasimama mlangoni. Alikuwa Mfipa mfupi, mwenye miwani mikubwa, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti.

"Mwalimu, kaa chini."

"Kiti hakipo, Sista."

"Nimesema chini, sijasema kwenye kiti. Wanachokiona ni magoti tu. Wewe ungeongea na magoti?"

Nikakaa sakafuni na suruali yangu ya pasi. Kilio kikapungua. Kazi yangu yote iliyofuata niliifanya nikiwa nimekaa pale.

Sista ndiye aliyenionyesha pia kona ya kuigiza. Ilikuwa pembe ya darasa yenye sanduku la nguo za mitumba, khanga kuukuu, sufuria zilizotoboka, simu mbovu na ndoo mbili. Kila siku kwa nusu saa watoto walikuwa madaktari, wauza mchele, mabibi harusi, makondakta. Mwanzoni niliona ni muda wa mimi kupumzika. Sista akaniambia kama nataka kujua nini kinaendelea nyumbani kwa mtoto, nisimuulize, nimwangalie akipika kwenye ile sufuria iliyotoboka. Nilimwangalia mmoja akipika, akapakua, akamwekea kila mwanasesere chakula, mwenyewe akakaa bila. Baada ya hapo sikupumzika tena katika ile nusu saa.

Nilikuwa na kama miaka kumi kazini alipokuja Noa. Baba yake alikuwa mtaalamu wa maji aliyeletwa kwenye skimu ya umwagiliaji kule Mwamkulu, na familia ilipanga nyumba Ilembo. Walikuwa Wayahudi, wametoka Israeli. Mama yake alikuwa na jina lake, Tirza, lakini kwetu ukishazaa jina lako limekwisha, akawa Mama Noa. Kiswahili alijifunza kwenye kitabu na kwa mama mmoja wa genge la mbogamboga, kwa hiyo sentensi yake ilianza kama kitabu ikamalizika kama genge. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hadi watoto wa darasa langu, nao waliitikia marahaba bila aibu.

Mwezi huohuo nilipokea watoto wawili wasiosema. Wa kwanza alikuwa Noa, ambaye hakulia wala kucheza, alikaa dirishani akitazama barabara. Wa pili alikuwa Minza, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao pembezoni mwa Mwamkulu. Kwa Noa nilijua lugha ndiyo tatizo. Minza alisikia Kiswahili vizuri. Ukimwambia leta kikombe, analeta. Lakini mdomo haukufunguka. Nilijaribu nyimbo, nikajaribu maneno yangu matatu ya Kisukuma, akanitazama kwa huruma. Sista akasema, "Mwache. Maneno anayo, ameyaweka mahali."

Mwezi wa tisa Mama Noa akanifuata baada ya watoto kuondoka.

"Mwalimu, wiki ijayo ni mwaka wetu mpya. Noa ameniuliza kama sikukuu zetu tulizisahau uwanja wa ndege." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Nyumbani tunafanya. Lakini watu watatu hawatoshi. Sikukuu inataka kelele."

Nikapeleka jambo hilo kwa Sista. Alifuta miwani yake muda mrefu. Kisha akasema Yesu alizisherehekea sikukuu hizohizo akiwa mtoto, na yeye Adelina hana mamlaka ya kumnyima Noa. Akaongeza: "Ila sala za watu msiziigize. Hadithi na chakula, chezeni."

Kwa ajili ya mwaka mpya wao kulihitajika asali, tofaa na baragumu ya pembe. Asali Katavi haijawahi kuwa tatizo. Kila mtoto alikuwa na mjomba mwenye mizinga. Tofaa sokoni hatukuona, tukachukua mapera. Mama Noa alilinusa pera, akalichovya kwenye asali, akafikiri, akasema haya, mwaka unaanza na pera. Ilibaki pembe. Nikawaambia watoto wa wafugaji waulize nyumbani, na kesho yake akaja mzee mrefu na baiskeli, amefunga nyuma pembe ya ng'ombe yenye urefu wa mkono wangu, imepakwa mafuta hadi inang'aa. Alikuwa baba yake Minza.

Mama Noa aliishika, akaisifu, kisha akaeleza kwa aibu kwamba ya ng'ombe hairuhusiwi. Wazee wao jangwani waliwahi kutengeneza ndama wa dhahabu wakamwabudu, na siku ya mwaka mpya hawataki kukumbusha habari hiyo mbele ya Mungu. Inatakiwa ya kondoo dume.

Baba Minza alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kosa walifanya watu, adhabu kapewa ng'ombe."

"Ndiyo, baba. Ndivyo."

"Hata huku ni hivyohivyo," akasema, akapanda baiskeli. Jioni ile alirudi na pembe ya kondoo.

Watoto walipuliza kwa zamu na pembe ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa. Mimi nilipuliza, sikutoa hata ya mbuzi. Ndipo Noa akatoka dirishani. Babu yake alikuwa amemfundisha. Aliiweka pembeni mwa mdomo, akavuta pumzi hadi mabega yakapanda, na sauti iliyotoka iliwafanya mafundi waliokuwa wakiezeka nyumba ya jirani waache nyundo zao. Kisha mtoto mmoja akasema, "Tena!" na arobaini wakarudia. Noa alipuliza hadi akawa mwekundu. Tangu siku hiyo hakurudi dirishani.

Sikukuu zao zinafuata mwezi, kama Idi, kwa hiyo Mama Noa ndiye aliyekuwa kalenda yangu. Ile ya taa, Hanuka, ilitukuta karibu na likizo, tukaiwahisha wiki ya mwisho ya muhula. Tuliwasha koroboi nane na watoto wakazungusha pia za mti, zile za kuchezea, kwenye sakafu ya saruji. Editha, kwa hiyo zingatia: koroboi ziwe za mafuta kidogo sana, na mtu mzima asibanduke. Nyusi zangu za kushoto hazijawahi kurudi sawasawa.

Mwezi wa tatu tukacheza Purimu, hadithi ya malkia Esta aliyewaokoa watu wake, na Hamani, waziri aliyetaka kuwamaliza. Kila jina la Hamani likitajwa, watoto wanapiga kelele kulifuta. Tulitia mahindi kwenye makopo wakatikisa, na kwa kuwa nusu yao walitoka kwenye familia za kufukuza ndege mashambani, hawakuhitaji mafunzo. Mapacha wawili wa Mwamkulu walipiga ile kelele ya kwelea kwelea hadi Sista akaja kuuliza kama kuna nyoka. Wasichana kumi na tisa walikuwa Esta. Nikawaacha wote, ufalme wangu haukukosa malkia.

Hamani alikuwa Boniphasi, mtoto mnene mwenye sauti nzito, asiyekataa kazi yoyote. Aliigiza vizuri mno. Siku iliyofuata hakuja shule. Nikamfuata nyumbani nikamkuta na jicho limevimba: wenzake walimpiga njiani kwa ajili ya Esta. Mama yake alinitazama tu, na huo ulikuwa uzito wa kutosha. Nilimweleza Mama Noa nikitegemea atasema watoto ndivyo walivyo. Alikaa sakafuni pale nilipozoea kukaa mimi.

"Kosa letu," akasema. "Mchezo ulikwisha kwetu, kwao haukwisha. Lazima wavue nguo za mchezo wote pamoja, na yule mbaya aitwe jina lake."

Tangu hapo kila igizo langu liliishia hivyo. Nguo zinarudi sandukuni, tunakaa duara, na aliyekuwa mbaya anasimama katikati, darasa zima linamwita kwa jina lake halisi hadi acheke. Sikuiruka hatua hiyo hata siku moja, hata mvua ilipokuwa inaingia darasani. Naiandika hapa kwa sababu nyingine zote mnaweza kubadilisha, hii hapana.

Mwezi wa nne ikaja Pasaka yao, ya kutoka Misri. Nilipanga hivi: watoto wanafinyanga matofali ya udongo, Farao amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Boniphasi mwenyewe aliomba awe Farao. Nilipomkumbusha jicho, akasema safari hii atakuwa na askari. Mimi na Mama Noa tulishika khanga mbili za bluu zilizoshonwa pamoja, ndiyo bahari. Tulikanda unga bila hamira, kwa haraka, kwa sababu kwao tangu unga uguse maji hadi uive hazitakiwi kuzidi dakika kumi na nane. Sista aliangalia saa na kutangaza dakika kama mtu wa mpira redioni.

Kisha nikagonga kengele. "Tunaondoka sasa hivi! Mkate hauna muda wa kuumuka. Kila mtu achukue kitu kimoja, twende!"

Wakakimbilia kona ya kuigiza. Eliza, binti mwenye maneno mengi kuliko wote, alichukua mwanasesere asiye na kichwa. Mwingine alichukua fagio. Mmoja alichukua taji la Farao, jambo ambalo Farao alilalamikia. Noa alivua viatu vyake akavishika mkononi.

Minza akasimama. Alikwenda kwenye sanduku bila haraka, akatandika kitenge chini, akaweka sufuria, ndani ya sufuria akaweka vikombe, juu yake mwiko, akafunga fundo ambalo baadaye mimi mwenyewe nilishindwa kulifungua. Akambeba mwanasesere mgongoni. Kisha akageuka, akatazama walivyobeba wenzake, akatikisa kichwa.

"Maji kwanza," akasema.

Kiswahili safi, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Sikuthubutu hata kusogeza mguu.

"Wewe, weka hiyo. Haifai. Beba ndoo. Moto kabeba nani?"

Hakuna aliyebeba moto. Minza aliokota kijiti akampa Noa. "Huu ndiyo moto. Usizimike." Akawapitia mmoja mmoja akiwagusa kichwani, midomo yake ikihesabu. Akawapanga wadogo katikati, wakubwa mbele na nyuma, akatembea nao hadi kwenye khanga. Nilikuwa nimemwandaa Musa mwingine, mvulana mwenye fimbo na ndevu za pamba. Naye alijipanga kwenye mstari, akabeba kopo la maji.

Upande wa pili wa bahari niliona khanga inatetemeka. Mama Noa ndiye aliyekuwa anaitetemesha.

Walivuka wote. Kwa mpangilio wangu, sasa Farao na askari wangeingia, na sisi tungeishusha khanga juu yao. Tukaishusha. Askari wakatoka chini yake wakicheka, lakini Boniphasi alibaki ndani akaanza kulia, kilio cha kweli. "Mimi nisife! Mwalimu Gauni, mimi nisife!" Kabla sijamfikia, Minza alishatua mzigo wake. Alirudi, akainua khanga, akamshika mkono.

"Naye aje," akasema. "Abebe maji."

"Minza," Sista akasema kwa upole kutoka mlangoni, "Biblia haisemi hivyo."

Minza alikuwa ameshavuka naye.

Baada ya watoto kwenda nyumbani Mama Noa alikaa kwenye ngazi ya darasa, khanga imekunjwa mapajani.

"Mwalimu, mila yetu inataka kila mtu ajione kama yeye mwenyewe alitoka Misri. Nimejaribu tangu nikiwa mdogo. Lakini mimi sikuwahi kuondoka mahali nikiogopa. Huyu mtoto ameondoka." Akaikunja khanga upya. "Na lile la Farao, sisi tunalo. Mezani, tunapotaja mabaya yaliyowapata Wamisri, tunamwaga tone la divai kwa kila moja. Ili kikombe kisijae kwa furaha wakati wengine wanalia. Nilisahau kuwaambia watoto. Amewaambia yeye."

Nasi tukaliongeza tone hilo, kwa juisi ya ubuyu. Watoto wanapenda kumwaga. Tandikeni kitu sakafuni, la sivyo kesho yake mtafundisha sisimizi.

Wiki ile nilikwenda kwa kina Minza kuwapa habari kwamba binti yao amesema. Bibi yake alinikaribisha maziwa, akashangaa kusikia hakuwahi kusema shuleni, nyumbani hanyamazi. Aliniambia familia ilikuwa imehama mara nne tangu Minza azaliwe, mara moja kwa kuambiwa asubuhi na kuondoka mchana. "Alizaliwa safarini, mwalimu. Kufunga mizigo alijua kabla ya kujua kula."

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyofanya kazi. Minza na Noa walikuwa hawaachani. Noa alijifunza Kiswahili kwa Minza, akakipata na lafudhi ya Kisukuma, na mama yake akifurahi bila kujua anafurahia nini. Sikuandika chochote siku hizo. Nilidhani ni mwanzo.

Mwezi wa sita kazi ya baba yake Noa ilimalizika. Mama Noa alikuja kuaga, akanipa karatasi alizoandika kwa mkono: kila sikukuu, hadithi yake, na vitu tulivyobadilisha, hadi mapera.

"Endelea nayo," akasema. "Lakini usiwaambie watoto kwamba ni sikukuu zao. Waambie ni za kina Noa, na mnazicheza ili mjue watu wengine wanafurahi vipi."

"Na wewe utaniambia tarehe?"

"Nitakuambia."

Aliniambia kwa miaka kadhaa, kwa barua kwanza, baadaye kwa ujumbe wa simu. Kisha namba ile ikaacha kupatikana. Sijui kwa nini, na ninajizuia kukisia.

Minza aliondoka mwezi wa nane. Ijumaa ile alibaki nyuma, akafagia kona ya kuigiza bila kutumwa, akapanga sufuria kwa ukubwa, akakunja khanga zote. Nikamsifu. Nikasema mbele ya wenzake, mwigeni Minza. Jumatatu nafasi yake ilikuwa wazi. Jumanne nikachukua baiskeli hadi Mwamkulu. Boma lilikuwa pale, miiba ya ua imelala upande mmoja mahali ng'ombe walipotokea, jivu limefukiwa vizuri. Jirani hakujua walikoelekea. Alitaja Mlele, akataja Uvinza, akaishia kunyoosha mkono tu.

Nilisimama pale nikiwaza Ijumaa. Mtoto aliniaga kwa namna aliyoijua, na mimi mwalimu wa kutazama watoto wakicheza nikampa sifa za usafi. Editha, uliniuliza kosa gani najutia kuliko yote. Ni hilo. Wenzangu walidhani ni zile nyusi.

Nilibaki na michezo bila wenye michezo. Mwaka uliofuata Mama Eliza alinijia amekasirika, amejifunga khanga kwa nguvu: binti yake amekataa mkate asubuhi kwa sababu una hamira. "Mwalimu, nimemleta asome a, e, i, o, u. Unamfanya Myahudi?" Nilianza kujieleza kwa maneno marefu. Eliza aliyekuwa amesimama kati yetu akanikatiza.

"Mama, mimi si Myahudi. Noa ndiye Myahudi. Amekwenda kwao, sisi tunamtunzia sikukuu zake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aje."

Mama Eliza alinitazama mimi, akamtazama binti yake. Akasema basi mkate utaliwa hata hivyo, akaondoka. Sikusahihisha maneno ya Eliza. Nilipaswa kumwambia kwamba huenda Noa hatarudi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akieleza vizuri kazi niliyokuwa nafanya, na sikutaka kuiharibu.

Tukawatunzia, darasa baada ya darasa. Sista Adelina alihamishwa, akazeeka, akafariki kule kwao Sumbawanga. Nilikwenda mazishini na nikakaa chini. Watoto waliokuja hawakumjua Noa wala Minza, ila walijua majina yao, kama wanavyojua majina ya watu wa hadithini. Boniphasi sasa ni mkubwa, anaendesha trekta. Tukikutana njiani anazima injini na kuniamkia, ingawa hatuna mengi ya kuzungumza.

Mwaka huu nikastaafu. Nilijiapiza nisiende shuleni kusumbua. Niliona walimu wastaafu wanaorudi kila wiki kusahihisha bendera inavyofungwa, sikutaka kuwa mmoja wao. Nikalima bustani. Nikarekebisha banda la kuku lisilokuwa na kasoro. Mwezi wa kumi siku moja nilijikuta Nsemulwa, nimekwenda kununua misumari ambayo nyumbani ninayo.

Uwanjani kwenye chekechea palikuwa na kibanda cha miti na majani ya mpunga, kimefanana na vile vya kulindia ndege shambani, paa likiwa na nafasi za kuonea anga. Editha alikuwa anacheza sikukuu yao ya vibanda, kwa jinsi alivyoniona nikiicheza kabla sijastaafu. Kwa mila yao siku hizo mtu anakula ndani ya kibanda kwa kukumbuka safari ya jangwani, na anakaribisha wageni. Nilisimama nje ya ua nikiwa na misumari yangu. Mtoto mmoja wa kike akatoka, kilemba cha taulo kichwani. Alikuwa mpya, hakunijua.

"Wewe ni mgeni?"

Nilifikiri jibu. "Ndiyo."

"Basi ingia. Vua viatu."

Nikaingia, nikakaa chini. Editha alinitupia jicho, akaendelea na hadithi bila kutaja jina langu, na namshukuru kwa hilo. Nikapewa karanga tatu na kikombe kitupu cha chai, nikanywa, nikasifu chai. Yule mtoto, aliyeniambia anaitwa Sesilia, akanijazia tena.

Saa sita wazazi walianza kuja. Watoto wakavua nguo za mchezo, wakaitana majina, wakachukuliwa mmoja mmoja, wengine kwa mguu, wengine kwa bodaboda. Nilijua napaswa kuondoka pia, lakini miguu ya umri wangu ikishakaa chini ina mambo yake. Tukabaki wawili kibandani. Sesilia alinikagua.

"Wewe nani anakuja kukuchukua?"

"Hakuna. Nitaenda mwenyewe."

Hakuridhika na jibu hilo. Akatafuna karanga, akatazama geti, akanitazama mimi. Mama yake alipofika, akamwita kutoka kwenye ua, akasema fanya haraka, jua ni kali.

Sesilia hakusimama. Alinishika mkono wa shati.

"Mama, tusubiri kidogo," akasema. "Huyu hajachukuliwa."